Kabla Hujalitupa Jaketi: Kiraka cha Gundi na Vifaa vya Mlimani

Jaketi la mvua likichanika kiwiko ukiwa Moshi mjini, hulioni kama limeharibika. Jua linawaka, unalitundika msumarini, unasema utalishughulikia kesho. Siku chache baadaye umelivaa kwenye njia ya Machame, Kilimanjaro, mzigo mgongoni, mvua imeanza saa nane mchana, na lile tundu la upana wa kidole linakupitishia maji hadi kwapani.

Hesabu ya baridi si ngumu. Moshi iko takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari. Kambi ya Barafu, wanakopumzika watu kabla ya kuanza safari ya usiku kwenda kileleni, imepita mita 4,600. Joto hupungua kwa nyuzi 6 na nusu hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo mchana wa nyuzi 30 mjini ni mchana wa nyuzi 6 kule juu, tena kabla hujahesabu upepo. Maji nayo huupokonya mwili joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa kavu. Mtu aliyelowa kwenye mwinuko ule yumo hatarini hata kama ana nguvu kiasi gani.

Wanaoumia zaidi ni wagumu, maana ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita. Wengi wao huvaa jaketi la mtumba kutoka soko la Memorial, au walilopewa na mgeni mwisho wa safari. Jaketi la namna hiyo limeshaishi maisha mengine kabla ya kufika mikononi mwao, na kununua jipya si jambo la wiki moja. Ndiyo maana naandika makala haya. Nimekaa miaka mingi kwenye stoo za vifaa vya mlimani, nikihesabu mahema yanapotoka na kuyakagua yanaporudi, na nimeona vitu vizima vikitupwa kwa sababu ya mpasuko ambao ungezibwa kwa dakika ishirini za kazi na siku moja ya kusubiri.

Neno langu ni moja: kiraka cha gundi kikiwekwa juu ya kitambaa safi na kikavu, kisha kikapewa muda, hukaa miaka. Vile vinavyobanduka, karibu vyote viliwekwa kwa haraka. Nilijifunza hilo kwa hasara. Jioni moja kambi ya Shira nilibandika kiraka juu ya hema lenye vumbi na umande, asubuhi nikalikunja na kuondoka. Tulipolifungua kambi ya Barranco, kiraka kilikuwa kimebaki chini ya mfuko, na mpasuko niliouacha na urefu wa kidole ulikuwa umefikia urefu wa mkono hadi kiwikoni. Wenzangu wawili walilala na maji usiku ule kwa sababu sikutaka kungoja.

Kwa nini gundi, si sindano

Wengi wetu nguo ikichanika tunampelekea fundi cherehani. Kwa shati au suruali ya kawaida tunafanya sawa. Kwa kitu kinachozuia maji, tazama kinachotokea. Cherehani hutoboa kitambaa kila milimita 2 au 3. Kiraka cha sentimita 10 kwa 5 kina mzunguko wa sentimita 30. Fundi akikishona pande zote, ameziba tundu moja na kukuachia mengine mia au zaidi. Kwa macho kazi imependeza, lakini mvua ya kwanza itaonyesha.

Kiraka cha gundi hakitoboi. Ni kipande cha nailoni nyembamba au plastiki laini inayovutika, chenye gundi upande mmoja na karatasi ya kubandua. Wageni huja nacho kwenye mikoba yao, mara nyingi kikiwa kimeandikwa Tenacious Tape, na wakiondoka huwaachia waongozaji. Ukiachiwa, kitunze kama unavyotunza kisu kizuri. Ukikosa, kata kipande kutoka hema lililokufa, la kitambaa cha aina ileile, ukibandike kwa gundi ya poliurethani, ile ambayo ikikauka hubaki laini na kuvutika kama mpira.

Zipo gundi tatu ambazo watu huzikimbilia, na zote zina mahali pake. Tepu ya kijivu ya mafundi hufaa kwa dharura ya siku moja au mbili. Ikikaa juani gundi yake huyeyuka, tepu huteleza, na huacha utando unaonata ambao kiraka cha kweli hakitaushika mpaka usafishwe. Supagluu hukauka ikawa ngumu kama kioo, na kitambaa kinachokunjwa kila siku huikatakata. Solusheni ya fundi baiskeli ilitengenezwa kwa ajili ya mpira, na kwenye tyubu haina mfano, lakini juu ya nailoni usiitegemee.

Sindano inabaki na kazi zake pia. Mkanda wa shanta, kitanzi cha kamba ya hema na kila mahali panapobeba uzito ni pa uzi imara. Gundi huzuia maji, haibebi kilo 20. Mpasuko mrefu wa shanta ushone kwanza, kisha funika mshono kwa kiraka upande wa ndani na wa nje.

Kijue kitambaa chako

Kabla hujakata chochote, jua unabandika juu ya nini. Mahema na majaketi mengi ni nailoni au poliesta iliyopakwa utando wa kuzuia maji. Utando wa kawaida ni wa poliurethani. Ukipitisha kidole upande wa ndani utauhisi umekaa kama mpira mwembamba, hauna mng'ao mwingi. Huo hupokea viraka vya gundi vizuri.

Yapo mahema mepesi sana yaliyopakwa silikoni. Yanateleza mkononi kama yamemwagiwa mafuta, na hakuna gundi ya kawaida inayokaa juu yake. Njia ya kupima ni rahisi: bandika kipande kidogo cha selotepu, kikandamize, kisha kivute. Kikitoka bila ubishi wowote, hiyo ni silikoni, na silikoni hushikwa na silikoni mwenzake. Nunua tyubu ya silikoni safi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ile wanayozibia vioo, ambayo nyingi hunuka siki inapokauka. Ipake nyembamba, weka kipande cha kitambaa cha aina ileile juu yake, kandamiza, uache hadi kesho yake. Upime pande zote mbili, kwa sababu kuna mahema yenye silikoni nje na poliurethani ndani, na hayo unayabandika kwa ndani.

Jaketi mezani

Sasa tulichukue lile jaketi la kiwiko tulitengeneze pamoja.

Anza na maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Futa eneo zima linalozunguka mpasuko, upana wa kiganja, kwa sababu jasho na mafuta ya ngozi hukaa pale pale mkono unapokunjwa. Suuza mpaka utelezi wa sabuni uishe. Anika kivulini likauke kabisa. Usiridhike na ukavu wa mkono tu: mshono na bitana hushika maji muda mrefu baada ya uso wa nje kukauka.

Likishakauka, chukua kitambaa cheupe chenye spiriti kidogo kutoka duka la dawa, ufute tena. Tazama kitambaa hicho. Kikitoka na alama ya kahawia, geuza upande safi urudie, mpaka kitoke cheupe kama kilivyoingia. Hiyo ndiyo hatua wanayoiruka watu, na ndiyo inayoamua kama kiraka kitakaa. Chagua spiriti isiyo na mafuta. Usitumie kitakasa mikono cha jeli, maana nyingi huwa na glisarini ya kulainisha ngozi, nayo hubaki juu ya kitambaa kama utando. Vilevile, kama unapanga kulipulizia jaketi dawa ya kufukuza maji, bandika kiraka kwanza. Dawa ile imetengenezwa ili kitu chochote kisishike, na gundi ni mojawapo.

Kata nyuzi zilizoning'inia. Kama tundu lilitokana na moto wa jiko, kingo zake zitakuwa zimeyeyuka na kuwa ngumu. Zikate ziondoke, kwa sababu ule ugumu utakitoboa kiraka kutoka chini. Laza jaketi juu ya meza iliyo sawa, kutanisha kingo za mpasuko zigusane bila kuvutana wala kupandana.

Sasa kata kiraka. Kizidi mpasuko kwa sentimita 2 na nusu kila upande, na kisiwe na pembe hata moja. Weka kikombe au kifuniko cha chupa, chora duara, fuata kwa mkasi. Pembe ndiyo mahali kidole, kamba ya shanta na maji ya kufulia huanzia kubandua. Duara haliwapi pa kuanzia.

Bandua nusu tu ya karatasi. Weka nusu hiyo mahali pake, kisha endelea kuvuta karatasi iliyobaki taratibu huku kidole gumba kikifuata nyuma na kuisukuma hewa itoke. Usiguse upande wa gundi, maana alama ya kidole ni mafuta. Chukua mgongo wa kijiko, sugua kutoka katikati kwenda kingoni, kwa nguvu, dakika mbili nzima. Gundi za namna hii hushika kwa kukandamizwa: kadiri unavyosugua ndivyo inavyoingia kwenye vinyweleo vya kitambaa. Mwisho funika kwa kitambaa safi na uweke juu yake sufuria yenye maji ya moto ya kuvumilika mkononi. Joto hulainisha gundi, uzito huikandamiza, na yakipoa kazi yako imekwisha.

Kama jaketi halina bitana, geuza na ubandike kiraka kingine ndani, kikubwa kidogo kuliko cha nje ili kingo zake zisilingane. Kisha liache saa 24 kabla ya kulivaa. Saa hizo ni sehemu ya kazi. Gundi huendelea kushika muda mrefu baada ya wewe kuondoa mkono, na ukiikunja mapema unaipa mkunjo ambao hautatoka.

Godoro la upepo na koti la manyoya

Godoro la kujaza upepo likipungukiwa usiku, watu hulilaumu godoro zima. Tundu lenyewe mara nyingi ni dogo kuliko ncha ya sindano, na ugumu uko katika kulipata. Lijaze upepo mpaka likaze. Koroga sabuni kwenye maji mpaka yatoe povu, lipake kwa sifongo sehemu kwa sehemu, utazame kwa makini. Mahali penye tundu patatoa kapovu kamoja kanakokua, kanapasuka, kanakua tena. Zungushia alama ya kalamu papo hapo, kwa sababu ukikausha hutapaona. Endelea hadi mwisho hata kama umeshapata moja, kwani mwiba uliotoboa mara moja huenda ulitoboa mara mbili.

Toa upepo wote, safisha kwa spiriti, bandika, weka kitu kizito juu yake usiku kucha. Usilijaze upepo kabla ya saa 24 kupita. Kama povu linatokea kwenye kizibo, kiraka hakitasaidia. Safisha mchanga ulioingia kwanza, na mara nyingi huo ndio uliokuwa tatizo.

Koti la manyoya ya bata lina sheria yake moja: usivute unyoya. Ukiuvuta mmoja unaochungulia, unapanua njia na mengine yanafuata. Usukume urudi ndani kwa ncha ya kidole, futa eneo kwa spiriti kidogo sana, bandika kiraka chembamba cha duara. Hapa sindano ni adui kabisa, kwa kuwa kila tundu lake ni mlango mwingine wa manyoya.

Mishono ya hema

Maji mengi yanayoingia hemani hayapiti kwenye mipasuko, hupita kwenye mishono. Kiwandani mishono hufunikwa kwa utepe mwembamba wa plastiki upande wa ndani. Baada ya miaka utepe huo huanza kujikunja na kubanduka kama ngozi iliyoungua jua.

Watu wa pwani wanalijua tatizo hili tangu zamani. Jahazi likivuja kati ya mbao, hawakulitupa. Walilikalafati kwa pamba iliyolowekwa mafuta, wakaisindilia kwenye kila ufa. Mshono wa hema nao unataka kukalafatiwa. Ondoa utepe uliolegea wote, acha ule ulioshika. Safisha kwa spiriti. Pitisha gundi ya poliurethani juu ya mshono kwa brashi ndogo, nyembamba lakini bila kuruka, nusu sentimita kila upande wa uzi. Anika hema likiwa limesimamishwa ili mshono uwe umevutika kama utakavyokuwa kambini. Kesho yake nyunyiza poda ya mtoto juu ya gundi kabla ya kukunja, hema lisijigande lenyewe.

Ukiwa mlimani

Yote niliyosema ni ya mezani. Mlimani gundi hukutana na baridi, na chini ya nyuzi 10 hivi nyingi hupoteza mnato. Kwa hiyo kiraka kikae kwanza ndani ya nguo, karibu na mwili, dakika kumi na tano kabla ya kukitumia. Kausha kitambaa kwa leso, kisha kipashe joto kwa viganja. Fanya kazi ndani ya hema la kulia chakula, si nje penye upepo. Kisugue muda mrefu zaidi ya ulivyofanya nyumbani. Hicho kihesabu ni cha muda. Ukirudi mjini kitoe, usafishe, uweke cha kudumu.

Kikoba cha matengenezo hakizidi uzito wa chungwa. Weka viraka vitatu au vinne vilivyokatwa tayari duara, vipande vya pamba vyenye spiriti vilivyofungwa kimoja kimoja, sindano nene na uzi wa nailoni, mkasi mdogo, na tepu ya kijivu uliyoizungusha kwenye kalamu. Mwongozaji mmoja akiwa nacho kwenye msafara, watu wote wamekingwa.

Pasipofaa kiraka

Kuna wakati wa kukubali. Miale ya jua yenye madhara huongezeka kwa asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000 za mwinuko, nayo hula nailoni polepole. Shika kitambaa cha paa la hema kwa vidole viwili, ukivute kwa nguvu ya wastani. Kikichanika kama karatasi, hema limeliwa na jua, na kiraka utakachoweka kitang'oka pamoja na kitambaa kinachokizunguka. Hali kadhalika utando wa ndani ukianza kunata, kutoa harufu mbaya na kubanduka magamba meupe, hakuna kiraka kitakachourudisha.

Hata hapo usikimbilie jalalani. Utando ukiharibika kwa kukunjwa na unyevu, ndani ya mfuko mnakuwa na zipu nzima, vifungo, kamba, fito na pengine sakafu nzuri. Hema moja lililokufa hulisha viraka mahema kumi yaliyo hai. Kama kifaa ni cha kukodisha, mwambie mteja ukweli kabla hajakilipia: cha kuazima kikivuja, anayelowa si mwenye mali.

Msimu wa kazi hii

Masika huanza Machi na kumalizika Mei. Wageni hupungua, njia huwa na matope, na stoo za Moshi na Arusha hujaa mahema yaliyokunjwa yakisubiri Juni. Huo ndio wakati wenyewe. Chagua siku yenye jua, toa kila kitu, simamisha kila hema, kisha ingiza kila jaketi gizani na ulimulike kwa tochi kutoka ndani. Mahali penye tundu patang'aa. Andika orodha, anza na vya wagumu kabla ya vya wageni, kwa kuwa mgeni ana jaketi la pili mkobani na mgumu hana.

Ndugu msomaji, lile jaketi bado liko msumarini. Lishushe leo, ulifue. Kesho jioni litakuwa kavu, na kiraka ukikibandika usiku huo, keshokutwa usiku litakuwa tayari kupanda.